Kamba ya Honi ya Mtamboni

Kwale,
13 Februari 1966

Kwa mkoi wangu Mbeyu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe binti wa shangazi yangu, na wote wa nyumba namba kumi na nne. Mimi ni mzima, ila asubuhi kifua kinanibana kwa sababu ya ukungu wa huku mlimani. Mfikishie Baba shikamoo yangu, na Mama pia. Mwambie Mama kwamba yale mahamri ya Idi aliyonifungia niliyala peke yangu siku mbili, kwa kuwa sikujua nimgawie nani. Bibi akija kutoka Majoreni, mshike mkono kwa niaba yangu.

Skuli ina chumba kizima cha vitabu. Nimepata kimoja cha sayansi chenye picha ya boila iliyopasuliwa ubavu kama papai. Unaona moto uko wapi, maji yako wapi, na mvuke unapanda kwa njia gani. Nilikaa nacho mpaka kengele ya chakula ikanipita. Nilifikiri: miaka kumi na mitano nimelala hatua mia mbili kutoka kwa boila ya Baba, na imenibidi nije Kwale ndipo niione ndani. Nitakutumia ukione.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata barua ya Baba. Mwandiko ni wako, najua, kwa kuwa Baba hakufundishwa kuandika, na sina ubaya na hilo. Lakini ndani yake mna maneno haya: "Mbeyu sasa ananisomea kipimo cha mvuke." Je, ni kweli? Amekuingiza chumba cha boila? Mimi aliniambia watoto hawaingii. Nilikuwa nikipeleka chakula chake mpaka kizingitini, nikipokea sufuria tupu, basi.

Na ile honi ya kiwanda. Unakumbuka mwezi wa Uhuru, tulipokuwa tumesimama sote chini ya bomba lake, Baba alisema nini? Alisema: "Alfani, siku moja kamba hii utaivuta wewe." Ulikuwepo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuivuta. Mji mzima unaamka kwa mkono wake, unapika kwa mkono wake, na Ramadhani iliyopita ulifuturu kwa mkono wake. Huku tunaamshwa na kengele ya skuli, na kila asubuhi naisikia kama kitu cha kuchezea watoto.

Nauliza tu.

Mkoi wako,
Alfani Matano


Mtamboni,
17 Aprili 1966

Kwa mkoi Alfani, mwenye chumba kizima cha vitabu,

Asalaam aleikum. Nakuanzia mimi, kwa kuwa barua yako haikuwa na salamu hii. Au ukungu wa Kwale umekusahaulisha?

Sisi tu wazima. Mjomba hajambo, ila mgongo unamsumbua. Mkazamjomba anauliza kama unakula. Bibi alikuja kwa Idi ya Mfungo Tatu, akaketi siku nne, akatugombeza sote, akarudi Majoreni. Mbuzi wangu Nyapara alizaa, lakini kitoto kilikufa. Jina lake silibadilishi: anamfokea kila mtu na kazi hafanyi.

Usinilaumu kwa kuchelewa. Karani Sefu zamani alitusomea majina ya wenye barua kila Jumamosi. Sasa anafungua dirisha la ofisi akipenda. Nilipomwambia nangoja barua ya Kwale akajibu: "Barua za nini, na watu wenyewe wanahama?"

Likizo imefika na wewe hukuja. Ungekuja ungeona. Mashine mbili za korona zimenyamaza tangu mwezi wa Machi. Iliyobaki inasaga mkonge peke yake, na sauti yake inasikika kama mtu anayezungumza katika nyumba iliyohamwa. Zile nyaya za kuanikia katani, ulizokuwa ukiziita mawingu ya Mtamboni, sasa Mkazamjomba anaanikia kanga zake. Wajaluo wa laini ya pili ya nyumba walipandishwa lori pamoja na vitanda vyao wakarudi kwao, na timu ya mpira imebaki na wachezaji saba. Kitsao anafunga hoteli yake adhuhuri, na kati ya mafundi cherehani wa barazani mwake amebaki mmoja. Nyumba namba thelathini analala Nyapara.

Wanasema ni nailoni. Eti Ulaya siku hizi wanasuka kamba bila mkonge. Sefu alituonyesha kipande: cha buluu, laini, hakina harufu yoyote. Mjomba alikivuta, akakizungusha mkononi, akakivuta tena, kisha akakirudisha.

Ndiyo, naingia chumba cha boila. Katana aliyekuwa msaidizi wake ameondoka na wenzake, na macho ya Mjomba hayazioni tena namba ndogo za kipimo. Hapa nyumbani nani wa kuzisoma? Wewe uko Kwale unasoma picha.

Umeniuliza swali, nami nina langu. Ile karatasi ya mtihani iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi mwezi wa Desemba, juu ya jina lako kulikuwa na majina mangapi? Moja. La nani? Na nafasi ya skuli kwa watoto wa kiwanda ilikuwa moja. Basi aliyeipata asimuulize aliyeikosa kama ameshika kamba.

Kitabu cha boila sijakiona.

Mimi, wa hapa hapa,
Mbeyu


Kwale,
8 Mei 1966

Mkoi Mbeyu,

Asalaam aleikum. Umeona nimeanza na nini.

Pole kwa kitoto cha Nyapara. Mwambie Mama ninakula. Likizo sikuja kwa sababu mwalimu wa vitabu alitaka wanafunzi wachache wabaki kumsaidia kuvipanga. Kuhusu kile kitabu, hakiruhusiwi kutoka nje ya skuli. Ni sheria.

Ile nafasi sikujichagulia mimi. Ofisi ndiyo iliyoamua, na ofisi haikutaka msichana. Siku ile ulinitazama kana kwamba nimekuibia, na barua yako inanitazama vivyo hivyo.

Nitakueleza jambo ambalo sikumweleza mtu. Juzi mwalimu wa dini alitufundisha mirathi. Akasema mali ya baba ni ya wanawe. Nikanyanyua mkono. Unajua mimi sinyanyui mkono. Nikasema kwetu wazee wangali wanashikilia kwamba mrithi wa mtu ni mtoto wa dadake, na kwamba mwanawe mwenyewe ni wa ukoo wa kina mama. Kisha kijana mmoja wa nyuma, anaitwa Garama, akasema, "Kumbe babako si wako!" Walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Tangu siku hiyo hawaniiti Alfani, wananiita Siwako. "Siwako, lete chumvi." "Siwako, kengele imelia."

Nacheka nao. Lakini nikilala nafikiri kwamba Garama amesema kweli. Kwa mila wewe ndiye wa ukoo wake. Mimi ni mgeni niliyezaliwa nyumbani kwake. Minazi yake ya Bongwe ni yako na ya ndugu zako wa kuukeni, na mimi sijawahi kuitamani, hata nazi moja. Sasa naona una kiti chake cha chumba cha boila, una macho yake, una mkono wake wa kuandikia. Honi si mnazi, Mbeyu. Honi Baba hakurithishwa na mtu, na aliniahidi mimi. Nakuomba, usiiguse.

Jambo jingine. Ukimwandikia Baba barua, andika maneno yake tu. Usitie yako.

Alfani


Mtamboni,
19 Juni 1966

Alfani,

Asalaam aleikum. Wote ni wazima. Mvua imepungua. Mkazamjomba amepata kuku wawili. Mjomba anakusalimu.

Umesema niandike maneno yake tu. Leo hana maneno.

Kazi iko kama ulivyoiacha. Soma kwa bidii.

Mbeyu


Kwale,
10 Julai 1966

Mbeyu,

Asalaam aleikum. Natumai hamjambo. Siwezi kurefusha salamu, nisamehe, na Mama anisamehe.

Juzi Alhamisi lori lilisimama nje ya skuli kutia maji, likielekea Kinango. Lilikuwa limebeba vyuma. Nilikwenda uani na ndoo, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, nikaona gurudumu kubwa limelazwa juu ya magunia. Nilidhani nimekosea. Kisha nikaona ule mkwaruzo uliofanana na tarakimu ya saba, pale Katana alipolipiga nyundo mwaka ule likakwama. Ni gurudumu la korona namba moja.

Nikamwuliza dereva, "Mzee, shikamoo, mzigo huu unatoka Mtamboni?"

Akasema, "Marahaba. Ulitoka Mtamboni. Hakuna Mtamboni tena, kijana. Kulifungwa mwisho wa mwezi. Sisi tunazoa makombo."

Nikamwambia baba yangu ndiye fundi wa boila. Akanitazama, akatazama sare yangu ya skuli, akasema, "Na hukwenda kumpa mkono?"

Ndoo niliiacha pale pale. Barua yako ya tarehe kumi na tisa nimeisoma mara sita. "Kazi iko kama ulivyoiacha." Uliiandika siku kumi na moja kabla ya mwisho wa mwezi. Kiwanda hakifungwi bila watu kuambiwa. Ulijua.

Baba yuko vipi? Hili ndilo lililopaswa kuwa swali langu la kwanza, nami naona haya kukwambia kwamba lililonijia kwanza, pale kwenye lori, lilikuwa jingine: siku ile ya mwisho, nani aliivuta honi?

Nijibu upesi.

Alfani


Majoreni,
24 Julai 1966

Kwa mkoi Alfani,

Asalaam aleikum warahmatullah. Bibi hajambo, anakusalimu, na hajui ninachokiandika. Barua yako ilinikuta nikifunga mzigo wangu. Nimekuja kukaa huku. Nimewaambia kwamba Bibi anahitaji mtu wa kumtekea maji, na wameamini, kwa sababu ni kweli pia.

Mjomba ni mzima wa mwili.

Ndani ya bahasha hii utaona karatasi nyingine. Ni barua ya Mjomba kwako, ya tarehe kumi na mbili Juni. Niliiandika mimi, maneno ni yake matupu. Haikupotea. Ilikuwa ndani ya mto wangu wa kulalia. Nainakili na hapa pia, ili usiseme kwamba sikuweza kuyaandika mara mbili:

"Mwanangu Alfani. Tumeambiwa kazi itakwisha Alhamisi, tarehe thelathini, saa kumi za alasiri. Nimemwomba Bwana wa kiwanda aniachie mvuke wa honi moja ya mwisho, amekubali. Omba ruhusa kwa mkuu wa skuli, mwambie ni jambo la nyumbani. Njoo uivute. Nilikuahidi. Usipopata ruhusa nijulishe, nisikungoje. Mimi baba yako, Matano."

Aliniambia niisome, nikaisoma. Akaniambia niipeleke kwa Sefu, nikachukua njia ya ofisi. Mfukoni nilikuwa na barua yako ya Mei. "Honi si mnazi. Usiiguse." Nilifika dirishani kwa Sefu, dirisha lilikuwa wazi siku hiyo, na yeye akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Nilikuwa napita tu."

Nakuambia sababu, si ili unisamehe. Unaandika kwamba ofisi ndiyo iliyochagua. Mimi nilikuwa nje ya mlango siku hiyo na kikapu cha chakula. Bwana alimwambia Mjomba: "Fundi, wa kwanza ni mpwa wako, wa pili ni mwanao. Wote ni wa nyumba yako. Nafasi ni moja. Sema wewe." Ofisi haikukataa msichana. Ilimwuliza yeye. Mjomba alinyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri wamemaliza na wametoka kwa mlango mwingine. Kisha akasema, "Alfani."

Wananiambia mimi ndiye wa ukoo wake. Ukoo gani? Siku moja tu aliulizwa, akajibu wewe. Halafu wewe, mwenye jina hilo kinywani mwake, unaniandikia kwamba unaionea wivu sufuria ninayoibeba.

Basi nikasema kamba iwe yangu. Nilingoja siku kumi na nane. Nilijua hutakuja, na asipokuwepo mwingine Mjomba atanipa mimi.

Alhamisi ilipofika mji wote uliobaki ulikuwa chini ya bomba. Korona ilizimwa saa tisa na nusu. Hujawahi kusikia Mtamboni bila korona, na sisi pia. Watu walikuwa wakisemezana kwa sauti kubwa kama zamani, kisha wanajisikia na kuona haya. Mjomba alivaa kanzu yake ya Idi. Kamba alikuwa nayo mkononi, na macho yake yalikuwa kwenye njia ya Msambweni. Saa kumi ikafika. Sefu akasema, "Fundi, saa." Mjomba akasema, "Basi la Kombani huchelewa." Nikasema, "Mjomba, nipe niivute." Hakunitazama. Alisema, "Hii ina mwenyewe."

Kipimo nilikuwa nakisoma mimi. Kilishuka. Nilimsomea kila namba, na kila namba alisema, "Bado." Sasa mvuke ungali na nguvu, sasa hafifu, sasa hautoshi hata kupuliza makaa. Bwana wa kiwanda alipanda gari lake akaenda. Watu hawakujua waende au wakae, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka kazini Mtamboni bila honi. Mama mmoja alirudi mara mbili kuniuliza kama imelia akaikosa. Jua lilipofika kwenye minazi, Mjomba aliigusa boila kwa kiganja, akasema, "Imepoa," akaiachia kamba.

Swali lako umejibiwa. Hakuna aliyeivuta.

Yeye hajui habari ya mto wangu. Anaamini ulipata barua ukaona haya kuja. Ukifika nyumbani mwambie. Ni haki yako.

Mbeyu


Mtamboni,
14 Agosti 1966

Kwa mkoi wangu Mbeyu,

Asalaam aleikum. Mshike Bibi mkono, mwambie nitakuja Majoreni kabla ya skuli kufunguliwa. Mama hajambo. Kuku wake sasa ni wanne. Baba hajambo. Anaamka alfajiri kama zamani, anavaa nguo na viatu vya kazi, anaketi barazani mpaka Mama anamwambia avue viatu.

Nimeizunguka Mtamboni yote, haikunichukua muda. Katika chumba cha korona limebaki shimo la msingi, na ndani yake maji na vyura. Reli ya toroli imeng'olewa mpaka darajani. Nimehesabu nyumba zenye moshi: kumi na moja. Kitsao amehamia Ukunda na kibao cha hoteli yake amekichukua. Adhana inasikika vizuri sasa. Zamani hatukuisikia ya adhuhuri hata siku moja. Ofisi imefungwa, lakini karatasi yetu ya mtihani iko mlangoni bado. Jua limeyafuta majina ya chini. Lako na langu yanasomeka.

Nikiwa kwenye basi kutoka Kombani nilijifunza maneno ya kusema. Nilijifunza kama shairi la mtihani: "Baba, Mbeyu aliificha barua." Maneno manne na jina langu linasafishwa. Nakuambia kweli, sikuyajifunza kwa uchungu tu. Niliyafurahia. Nilimwona Baba akikuondoa moyoni mwake na kuniweka mimi.

Alingoja mpaka nimekula. Kisha akauliza, "Ile barua yangu ilikufika?"

Kabla sijafungua kinywa akaongeza, "Nilimfanya Mbeyu aiandike mara tatu. Kila mara nilisema naona haikuwa nzuri. Mara ya tatu alikuwa akilia. Nikamwuliza, mwanangu unalia nini? Akasema ni moshi. Na boila ilikuwa imezimwa kusafishwa."

Nadhani nilinyamaza kama yeye alivyonyamaza ofisini.

Nikasema, "Ilifika, Baba. Ilichelewa."

"Sefu," akasema Baba. "Sefu alikuwa mvivu tangu mtambo ulipokuwa na uhai." Akacheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka tangu nifike. Kwa hiyo sasa Sefu ana dhambi yako, na mimi nina uwongo wangu, na ukikutana naye umwamkie kwa adabu.

Usidhani nimekusamehe. Bado sijui. Nilitaka kumwuliza Baba kwa nini siku ile alinitaja mimi, na sikuthubutu. Labda alinichagua. Labda alimtoa mmoja nyumbani ili mwingine abaki naye. Usiku wa kwanza nimeamini la kwanza, wa pili nimeamini la pili, na kwa yote mawili nimekuonea wivu.

Na mimi nina mto wangu. Hakuna mwalimu aliyeniomba nibaki likizo ya Aprili. Nilijitolea mwenyewe, kwa kuwa sikutaka kufika nyumbani na kukukuta ndani ya kizingiti cha chumba cha boila. Ningekuja ningezisikia habari zote mapema. Wala hakuna sheria ya kitabu. Kilikuwa chini ya godoro langu tangu Februari. Nilikuona akilini ukikifungua mbele ya Baba, vichwa vyenu viwili juu ya picha yangu. Nimekileta. Jana nilimsomea. Alisikiliza ukurasa mmoja, akaweka kidole kwenye picha, akasema, "Vali hii wameiweka pasipo pake." Kisha akasema nasoma mbio, Mbeyu husoma polepole mtu akaelewa.

Bomba la honi wamelichukua wenye lori. Kamba hawakuitaka, ni katani ya zamani. Niliitafuta siku mbili nisiulize mtu. Leo asubuhi nimeiona nyuma ya nyumba. Baba amemfungia Nyapara, kwa sababu tangu uondoke anakwenda kulala namba thelathini na harudi.

Nikaishika. Ni nzito kuliko nilivyodhani, na mahali pa mkono wake pamelainika na kuwa peusi. Nikatazama kama kuna mtu. Nikaivuta, mara moja, kwa nguvu, kama nilivyoota tangu mwezi wa Uhuru.

Nyapara alilia mji mzima ukasikia. Mama akatoka jikoni na mwiko. Na Baba, kule barazani, alisimama, akatazama jua, akaanza kuvua viatu.

Njoo umchukue mbuzi wako. Kitabu kiko juu ya kasha, ukurasa wa arubaini na mbili, tunakungoja hapo.

Mkoi wako,
Alfani